Kwa Nini Kigeuzi cha Kupandisha Volteji Hushuka Kwanza

Ndani ya chaja ya simu, ndani ya televisheni, ndani ya kifaa cha sola kinachochaji betri na ndani ya inveta, mna saketi ambayo kazi yake ni kubadili volteji kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Saketi hiyo huitwa kigeuzi cha swichi. Kujua volteji itakayotoka kwenye kigeuzi kilichokwisha kutulia ni kazi ya mstari mmoja wa hesabu, na wengi huishia hapo. Makala hii inashughulikia jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi na lenye manufaa zaidi: kigeuzi hufanya nini kinapoguswa? Mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme huo, ukiongezeka ghafla, betri ikipungua nguvu, au kidhibiti kikiamuru volteji ipande, kigeuzi hupita njia gani hadi kufika kwenye hali mpya, na huchukua muda gani? Njia hiyo ndiyo mwenendo wa kigeuzi. Maelezo ya kihesabu yanayotuwezesha kuubashiri mwenendo huo kabla ya kulehemu hata waya mmoja huitwa modeli.

Msomaji hahitaji kuwa amesoma umeme. Anahitaji kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, pamoja na subira ya kurudia hesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na maneno manne. Volteji ni msukumo unaoufanya umeme utembee, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita mahali fulani kwa kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ukizidisha volteji kwa mkondo unapata nguvu, yaani nishati inayotumika kwa kila sekunde, na kipimo chake ni wati. Ukinzani ni kiasi ambacho kifaa huupinga mkondo. Kipimo chake ni omu, na hupatikana kwa kugawanya volteji kwa mkondo.

Sasa tuulize kwa nini swichi inahitajika hata kidogo. Chukua kifaa kinachotaka volti 5 na ampea 2, nawe una betri ya volti 12. Njia nyepesi ni kuweka kati yao kitu chenye ukinzani kitakachokula volti 7 zilizozidi. Kifaa kitapata volti 5 mara ampea 2, yaani wati 10. Lakini kile kitu cha katikati kitakula volti 7 mara ampea 2, yaani wati 14, na zote zitageuka joto. Joto linalopotea linaizidi kazi inayofanyika. Isitoshe, kwa njia hii volteji haiwezi kupandishwa kamwe. Inaweza kushushwa tu.

Swichi haina tatizo hilo. Ikiwa imewashwa, mkondo unapita lakini volteji kati ya ncha zake mbili ni karibu sifuri. Ikiwa imezimwa, volteji ipo lakini mkondo ni sifuri. Katika hali zote mbili volteji mara mkondo ni karibu sifuri, kwa hiyo swichi yenyewe haichomi nishati, ukiacha hasara ndogo zinazobaki. Kwenye vigeuzi vya leo swichi hii ni transista, inayowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Swichi peke yake ingetoa umeme wa kukatikakatika. Kwa hiyo tunahitaji vitu viwili vinavyohifadhi nishati: koili na kapasita. Vyote viwili vina kanuni fupi, na makala yote iliyobaki imesimama juu ya kanuni hizo, hivyo inafaa kuzisoma polepole.

Koili ni waya uliozungushwa, mara nyingi juu ya kiini cha madini ya sumaku. Ukiweka volteji kati ya ncha za koili, mkondo wake haupandi mara moja. Unapanda kwa kasi maalumu. Kasi hiyo ni volteji ikigawanywa kwa ukubwa wa koili, unaopimwa kwa henri na kuandikwa L. Volteji ikiwa chanya mkondo unapanda, ikiwa hasi unashuka, ikiwa sifuri unabaki palepale. Kapasita nayo hufuata kanuni iyo hiyo huku volteji na mkondo vikibadilishana nafasi: kasi ya kupanda kwa volteji yake ni mkondo unaoingia ukigawanywa kwa ukubwa wa kapasita, unaopimwa kwa faradi na kuandikwa C. Kutokana na kanuni hizi, mkondo wa koili hauwezi kuruka ghafla, wala volteji ya kapasita haiwezi kuruka ghafla. Ukijua viwili hivyo kwa wakati fulani, umeijua hali nzima ya kigeuzi kwa wakati huo.

Kifaa cha mwisho ni daiodi, ambayo huruhusu mkondo upite upande mmoja tu.

Tuviunganishe. Betri ya volti 12 inaunganishwa na koili ya mikrohenri 100 (mikro ni sehemu moja ya milioni). Ncha ya pili ya koili ina njia mbili: ya kwanza inapita kwenye swichi na kurudi moja kwa moja kwenye betri, ya pili inapita kwenye daiodi na kuingia kwenye kapasita ya mikrofaradi 470, ambayo imeunganishwa sambamba na mzigo wa omu 12. Swichi inawashwa na kuzimwa mara 100,000 kwa sekunde, kwa hiyo duru moja ya kuwaka na kuzima inachukua mikrosekunde 10. Sehemu ya duru ambayo swichi imewashwa tutaiita D. Ikiwa swichi inawaka mikrosekunde 5 katika kila 10, D ni 0.5, na sehemu iliyobaki, yaani 1 − D, nayo ni 0.5. Hiki ndicho kigeuzi cha kupandisha, kwa sababu ambayo tutaiona sasa hivi.

Swichi inapowashwa, koili inaunganishwa moja kwa moja na betri. Volteji yake ni 12, na mkondo wake unapanda. Wakati huo daiodi imefunga njia, betri haipeleki chochote kwenye mzigo, na mzigo unaishi kwa akiba ya kapasita peke yake. Swichi inapozimwa, mkondo wa koili, ambao hauwezi kukatika ghafla, unalazimika kupita kwenye daiodi na kuingia kwenye kapasita na mzigo. Volteji ya koili sasa ni 12 kutoa volteji ya kutokea, yaani ile inayofika kwenye mzigo. Maelezo haya ya hali mbili yawekwe akilini, hasa lile la kwanza: swichi ikiwaka, mzigo hautumiwi kitu. Tutalirudia baadaye, maana ndilo chanzo cha taabu yote.

Kigeuzi kikitulia, mkondo wa koili mwishoni mwa duru lazima uwe sawa na wa mwanzoni mwa duru. La sivyo kigeuzi hakijatulia. Basi kupanda kwake kwa mikrosekunde 5 lazima kulingane na kushuka kwake kwa mikrosekunde 5. Kupanda kunaletwa na volti 12, kwa hiyo kushuka lazima kuletwe na volti 12 pia, na hilo linatokea pale tu volteji ya kutokea inapokuwa 24. Kwa ujumla, volteji ya kutokea ni volteji ya kuingia ikigawanywa kwa 1 − D. Mzigo wa omu 12 kwenye volti 24 unavuta ampea 2, yaani wati 48. Betri ya volti 12 lazima itoe wati hizohizo, kwa hiyo wastani wa mkondo wa koili ni ampea 4. Ndani ya kila duru mkondo huo unapanda kwa volti 12 mara mikrosekunde 5 gawanya kwa mikrohenri 100, yaani ampea 0.6, ukicheza kati ya 3.7 na 4.3. Volteji ya kapasita nayo inacheza kidogo, kiasi cha milivolti 21 (mili ni sehemu moja ya elfu).

Huo ndio mstari mmoja wa hesabu uliotajwa mwanzoni. Hausemi lolote kuhusu mwenendo.

Ugumu wa mwenendo ni huu: kigeuzi si saketi moja. Ni saketi mbili zinazopokezana mara 100,000 kwa sekunde, na kila moja ina milinganyo yake. Mtu anaweza kukaa na kompyuta na kuzifuata zote mbili, duru baada ya duru. Programu za kuiga saketi zipo tangu miaka ya 1960, SPICE ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley ikiwa mashuhuri kuliko zote, nazo zinafanya kazi hiyo vizuri. Ila jibu lake ni mchoro. Ukibadilisha koili unapata mchoro mwingine, ukibadilisha mzigo unapata mwingine tena, na hata ukiwa na michoro mia bado hujui kwa nini mmoja wao unatikisika na mwingine umetulia. Mbunifu anahitaji fomula inayomwonyesha kifaa gani kinasababisha nini.

Njia iliyofungua mlango huo ilitoka Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, katika kundi la profesa R. D. Middlebrook. Mwaka 1973 yeye na mwanafunzi wake G. W. Wester walichapisha namna ya kueleza mwenendo wa polepole wa vigeuzi hivi kwa kutumia wastani wa saketi zenyewe, na mwaka 1976 yeye na Slobodan Ćuk, aliyetoka Yugoslavia, walitoa njia ya jumla inayofaa kigeuzi chochote, kwa kutafuta wastani wa milinganyo. Wazo lao linaweza kusemwa kwa ufupi: acha kuuliza mkondo ni kiasi gani sasa hivi, uliza wastani wake katika duru hii ni kiasi gani, na unabadilikaje kutoka duru hii hadi ijayo. Mvuvi anayetaka kujua bahari itajaa saa ngapi hahesabu mawimbi yanayopiga ngalawa yake. Anaangalia maji yamefika wapi ufukoni, kwa kuwa mawimbi huja na kwenda kwa sekunde na kujaa kwa bahari huchukua saa sita. Kule kucheza kwa ampea 0.6 ndani ya duru ni mawimbi. Tunachokitafuta ni kujaa na kupwa.

Wastani unapatikana hivi. Koili inaona volteji ya kuingia wakati wote, lakini inaona volteji ya kutokea, tena kwa kinyume, katika ile sehemu ya duru ambayo swichi imezimwa tu, yaani 1 − D. Kwa hiyo:

L × kasi ya mkondo wa koili = volteji ya kuingia − (1 − D) × volteji ya kutokea.

Kapasita nayo inatoa mkondo wa mzigo wakati wote, lakini inapokea mkondo wa koili katika sehemu ya 1 − D tu. Kwa hiyo:

C × kasi ya volteji ya kutokea = (1 − D) × mkondo wa koili − mkondo wa mzigo.

Swichi imetoweka. Milinganyo miwili iliyokuwa ikipokezana imekuwa mmoja kwa koili na mmoja kwa kapasita, na kilichobaki cha swichi ni ile namba D. Tukiweka kasi zote mbili kuwa sifuri tunarudishiwa volti 24 na ampea 4 tulizozipata kwanza, na hiyo ni dalili kwamba hatujapotea njia.

Je, tuna haki ya kuyapuuza mawimbi? Tunayo, mradi mabadiliko tunayoyafuatilia ni ya polepole mno kuliko duru moja. Sharti hili mara nyingi husahauliwa, na tutaona baadaye linapovunjika.

Sasa tukiguse kigeuzi. Kimetulia kwenye volti 24. Kidhibiti kinataka volteji ipande kidogo, kwa hiyo kinaongeza D kutoka 0.50 hadi 0.52. Hesabu ya utulivu inatuambia mwisho wa safari: 12 gawanya kwa 0.48, yaani volti 25. Tufuate duru zenyewe, bila wastani kwanza, tuone safari inaanzaje.

Swichi sasa inawaka mikrosekunde 5.2 na kuzima mikrosekunde 4.8. Katika duru ya kwanza mkondo wa koili unapanda kwa ampea 0.624 na kushuka kwa ampea 0.576. Faida ni ampea 0.048. Wastani wake ulikuwa 4.000, mwisho wa duru ya kwanza umekuwa 4.048, wa pili 4.096, wa tatu 4.144, wa nne 4.192. Mlinganyo wa wastani unasema jambo hilohilo kwa hatua moja: 12 kutoa 0.48 mara 24 ni volti 0.48, na volti 0.48 kwenye mikrohenri 100 kwa mikrosekunde 10 ni ampea 0.048.

Tuangalie upande wa mzigo. Kabla ya badiliko, daiodi ilikuwa ikipeleka 0.50 mara ampea 4, yaani ampea 2 kamili, sawasawa na zinazovutwa na mzigo. Mara tu D inapobadilika, daiodi inapeleka 0.48 mara ampea 4, yaani ampea 1.92. Mzigo bado unavuta 2. Pengo la ampea 0.08 linatolewa na kapasita, na kwa hiyo volteji ya kutokea inashuka. Tumeamuru kupanda, kigeuzi kikashuka.

Sababu tumeshaitaja: swichi ikiwaka, mzigo hautumiwi kitu. Kuongeza muda wa kuwaka ni kupunguza muda wa kupeleka. Koili inajaza akiba kubwa zaidi, ni kweli, na akiba hiyo ndiyo itakayopandisha volteji hadi 25. Lakini inajaa taratibu, ilhali muda wa kupeleka umepunguzwa papo hapo. Kushuka kunakwisha pale mkondo wa koili unapofika kiwango ambacho 0.48 yake ni ampea 2, yaani ampea 4.167. Kwa hatua za 0.048 kiwango hicho kinafikiwa katikati ya duru ya nne, baada ya mikrosekunde 34.7. Hadi hapo wastani wa volteji umeshuka kwa takriban milivolti 3, kisha unaanza kupanda.

Milivolti 3 ni kidogo. Zimemezwa na ule mchezo wa milivolti 21, na fundi anayetazama oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji, bila kujua anachokitafuta hataziona. Kinachodhuru ni mwelekeo wake. Kidhibiti hufanya kazi kwa mrejesho: hupima volteji, hulinganisha na inayotakiwa, kisha hubadilisha D. Kidhibiti cha haraka na chenye pupa, kikiongeza D na kuona volteji inashuka, kitaongeza D zaidi. Volteji itashuka zaidi. Mwisho wake swichi inaweza kukaa imewashwa karibu muda wote, mkondo wa betri ukipanda na mzigo ukikosa umeme.

Muda huu wa kwenda kinyume unatokana na nini hasa? Tuupate kwa ujumla. Tukiongeza D kwa kiasi kidogo, tukiite d, mkondo wa koili unatakiwa kuongezeka kwa d mara mkondo gawanya kwa 1 − D. Kasi ya kuongezeka kwake ni d mara volteji ya kutokea gawanya kwa L. Tukigawanya hitaji kwa kasi, d inajifuta. Na kwa kuwa mkondo wa koili ni volteji ya kutokea gawanya kwa ukinzani wa mzigo na kwa 1 − D, volteji nayo inajifuta. Kinachobaki ni:

muda = L ÷ (ukinzani wa mzigo × (1 − D) × (1 − D)).

Kwa kigeuzi chetu ni mikrohenri 100 gawanya kwa 12 mara 0.25, yaani mikrosekunde 33.3. Kidhibiti hakimo kwenye fomula hii, wala kapasita haimo. Mtu anayehangaika kuongeza kapasita ili kuondoa tabia hii anapoteza fedha. Ataufanya mshuko uwe mdogo zaidi, lakini muda wake utabaki uleule. Muda unapunguzwa kwa koili ndogo zaidi, kwa mzigo mwepesi zaidi, au kwa kupandisha volteji kidogo zaidi. Wahandisi huutaja muda huu kwa frikwensi, yaani idadi ya mara kwa sekunde, na kipimo chake ni hezi: 1 gawanya kwa 6.28 mara mikrosekunde 33.3, ambayo ni karibu hezi 4,800. Frikwensi hiyo huitwa sifuri ya nusu ya kulia, kwa sababu ya mahali inapoangukia kwenye ramani ya hesabu wanayoitumia.

Msomaji makini ameona kwamba fomula imetoa 33.3 ilhali duru zimetoa 34.7. Tofauti hiyo haitokani na makosa ya kikokotoo. Milinganyo yetu ya wastani ina mahali ambapo D inazidishwa kwa volteji na mahali ambapo inazidishwa kwa mkondo. Vyote viwili vikibadilika pamoja, badiliko linakuwa na sehemu ya d mara badiliko la mkondo, yaani kitu kidogo mara kitu kidogo. Katika fomula tumeitupa sehemu hiyo. Kitendo hiki huitwa kunyoosha modeli: tunakubali modeli iwe sahihi kwa mabadiliko madogo tu kuizunguka hali moja ya utulivu, na kwa kubadilishana tunapata milinganyo minyoofu ambayo hisabati inaijua kwa undani. Kwa d ya 0.02 kosa ni asilimia 4. Kwa d ya 0.2 modeli hii haifai kuaminiwa, na hapo ni afadhali kurudi kwenye milinganyo ya wastani ambayo haijanyooshwa.

Modeli iliyonyooshwa inatuambia jambo jingine. Koili na kapasita hupeana nishati, kwa hiyo kigeuzi kikiguswa hutikisika kwa frikwensi yake ya asili. Koili na kapasita zikiunganishwa zenyewe bila swichi zingetikisika kwa frikwensi maalumu inayotokana na L mara C; katika kigeuzi cha kupandisha frikwensi hiyo inazidishwa kwa 1 − D. Kwa namba zetu inatoka karibu hezi 370. Bila kuhesabu ukinzani wa nyaya, safari ya kutoka volti 24 hadi 25 ingepitiliza hadi karibu 26, irudi, ipitilize tena, ikipungua kidogo kidogo. Ukinzani uliomo ndani ya koili na kapasita halisi hupunguza mtikisiko huo; hilo ni jambo moja ambalo hasara hutusaidia. Na sasa tunaweza kulijibu lile sharti la wastani: hezi 370 dhidi ya duru 100,000 kwa sekunde. Kupuuza mawimbi kunaruhusiwa bila wasiwasi.

Mbunifu afanye nini na namba hizi mbili? Kidhibiti kisiruhusiwe kuitikia kwa kasi inayokaribia hezi 4,800. Kawaida iliyozoeleka ni kukizuia kwenye theluthi moja hadi moja ya tano ya sifuri hiyo, hivyo hapa kati ya hezi 1,000 na 1,600. Lakini namba hizo ni za betri yenye volti 12 na mzigo mmoja. Ikiwa ni mfumo wa sola, ifikiriwe saa za usiku wa manane ambapo betri imeshuka hadi volti 10.5. Kigeuzi bado kinatakiwa kutoa 24, kwa hiyo 1 − D sasa ni 10.5 gawanya kwa 24, yaani 0.4375. Sifuri inashuka hadi karibu hezi 3,660, na frikwensi ya asili hadi karibu 320. Kidhibiti kilichotulia mchana kinaweza kutikisika usiku bila kifaa chochote kuharibika. Ndiyo sababu hesabu hufanywa kwa volteji ya chini kabisa ya kuingia na mzigo mzito kabisa, kwa kuwa hapo ndipo sifuri inakuwa karibu kuliko popote.

Upande wa mzigo mwepesi una kisa chake. Mkondo wa koili unacheza kwa ampea 0.6, kwa hiyo wastani wake ukishuka chini ya 0.3, ncha ya chini ya mchezo inagusa sifuri na daiodi inauzuia usirudi nyuma. Kwa kigeuzi chetu hilo linatokea mzigo ukivuta chini ya ampea 0.15. Hapo inazaliwa hali ya tatu ambayo milinganyo yetu haikuihesabu: swichi imezimwa na mkondo wa koili hakuna. Koili inaanza kila duru ikiwa tupu, haina kumbukumbu ya duru iliyopita, na mtikisiko wa hezi 370 unatoweka. Volteji kwa D ileile nayo inapanda kupita 24. Modeli ya hali hiyo ipo, ila ni nyingine, na anayeitumia hii yetu kwenye mzigo mwepesi atapata majibu yasiyo na maana.

Kuna pia mpaka wa juu. Wastani wa duru hauwezi kusema lolote kuhusu mambo yanayotokea kwa kasi ya duru zenyewe. Nusu ya frikwensi ya swichi, hapa hezi 50,000, ndiyo mwisho kabisa, na modeli huanza kudanganya kabla ya hapo. Mfano unaojulikana sana ni vidhibiti vinavyozima swichi pale mkondo wa koili unapogusa kiwango kilichowekwa. D ikizidi 0.5, vidhibiti vya namna hiyo visiposahihishwa huanza kubadilisha duru moja ndefu na moja fupi, ndefu na fupi, bila kukoma. Modeli ya wastani haioni kitu, kwa sababu wastani wa ndefu na fupi ni uleule. Huko inahitajika hesabu inayofuata duru moja moja.

Anayetaka kujizoeza achukue kigeuzi cha kushusha, ambacho vifaa vyake ni vilevile lakini vimepangwa kwa mpangilio mwingine: swichi iko kati ya betri na koili, na koili imeunganishwa moja kwa moja na kapasita na mzigo wakati wote. Aandike hali mbili, atafute wastani, kisha aongeze D kidogo kama tulivyofanya. Atakuta kwamba D imo kwenye mlinganyo wa koili peke yake, na inazidishwa kwa volteji ya betri tu. Mkondo unaokwenda kwenye mzigo haupunguzwi na kuwaka kwa swichi hata kidogo. Kigeuzi cha kushusha hakina sifuri ya nusu ya kulia kikiamriwa kupanda, na frikwensi yake ya asili haibadiliki D inapobadilika. Kwa hiyo mbunifu mwenye uhuru wa kupanga betri zake ni afadhali aziunge mfululizo apate volteji ya juu, kisha aishushe, kuliko kuanza na ya chini na kuipandisha.